Hataki chakula, au hataki bakuli?

DAKTARI WA MIFUGO ANAJIBU

Tangu nilipoandika hapa kuhusu mbwa wanaoogopa radi na wale wanaolia wakiachwa peke yao, barua zimekuja za namna moja. Mbwa alipelekwa kwa daktari, akaandikiwa dawa ya wasiwasi, kelele zikapungua, lakini chakula nacho akakiacha. Mwenye mbwa anaanza kujiuliza kama amenunua utulivu kwa bei ya uhai. Nimechagua barua tano. Majina ya wenye mbwa nimeyaondoa, ya mbwa nimeyaacha.

*

*Daktari, shikamoo. Nina mbwa mdogo dume, mweupe wa manyoya mengi, anaitwa Popi, ana miaka minne. Tangu nimpate nilikuwa nafanya kazi nyumbani, mwaka huu ofisi ikatuita turudi. Nikitoka tu analia mpaka majirani wanampigia simu mume wangu. Mlango wa jikoni ameukwangua hadi rangi imeisha. Daktari wetu alimpima, akasema mwili ni mzima, akaandika fluoksetini miligramu 10 kila siku. Duka la dawa halikuwa na za 10, wakatupa kapsuli za 20, muuzaji akasema nifungue nigawe unga nusu kwa nusu. Nauchanganya asubuhi kwenye wali na dagaa. Siku za mwanzo alikula. Sasa ni wiki ya tatu, anakuja, ananusa bakuli, anarudi kinyumenyume, anajilaza chini ya meza. Hata maji ya bakuli lake hanywi, anakwenda kunywa kwenye ndoo ya bustani. Cha ajabu, mwanangu akila mkate akimmegea anakula, na juzi kwa jirani alikula minofu ya kuku. Alikuwa kilo 8.6, sasa ni 7.9. Nimwachishe dawa? Mume wangu anasema dawa za binadamu ndizo zimemharibu.*
*Mama Popi, Mbezi Beach, Dar es Salaam*

Marahaba, mama. Ungejua barua yako ilivyonifurahisha! Watu wengi huniandikia "mbwa hali" wakaishia hapo. Wewe umeniambia anakula nini, kwa mkono wa nani, na maji anakunywa wapi. Jibu liko humo humo.

Popi ana njaa. Mbwa aliyepoteza hamu kwa sababu ya dawa hugeuza uso hata ukimpa minofu ya kuku, au anailamba kidogo kisha anaiacha. Popi kwa jirani alikula. Mkate mkavu kutoka mkononi mwa mtoto anakula. Anachokikimbia ni bakuli, tena hata likiwa na maji matupu. Unga wa fluoksetini ni mchungu, na huwezi kuuficha kwa wali na dagaa mbele ya pua ya mbwa. Siku za mwanzo alikula kwa kukuamini. Kisha akaunganisha mambo: bakuli hili, asubuhi, mama akiwa amesimama hapa, mdomo unakuwa mchungu na tumbo linachafuka. Mbwa hahitaji kurudiwa mara nyingi ili ajifunze somo la namna hiyo, na akishalijifunza halisahau upesi.

Kwa hiyo leo hii acha kabisa kuweka dawa kwenye chakula chake. Bakuli la zamani liondoe, usilioshe ukalirudisha. Tafuta chombo cha aina nyingine: kama lilikuwa la bati, tumia sahani ya plastiki au ya udongo. Kiweke mahali pengine, barazani kwa mfano, na si pale jikoni penye mlango anaoukwangua. Maji nayo mpe chombo kipya. Siku mbili tatu za kwanza mlishe kwa mkono, na huyo mwanao apewe kazi hiyo maana Popi anamwamini. Halafu mkono ushuke taratibu hadi kwenye sahani.

Sasa kuhusu ile kapsuli. Kipimo cha fluoksetini kwa mbwa ni miligramu 1 hadi 2 kwa kila kilo ya uzito, mara moja kwa siku. Popi wa kilo 8 kwa hiyo anastahili kati ya miligramu 8 na 16, na daktari wako aliyeandika 10 alipiga hesabu vizuri. Kapsuli nzima ya 20 ingempa miligramu 2 na nusu kwa kila kilo, imezidi. Lakini "gawa unga nusu kwa nusu" ni ushauri wa mtu asiyekuwepo jikoni kwako asubuhi. Kwa macho na ncha ya kisu, leo atapata kidogo na kesho karibu wote. Mbwa mdogo hivyo tofauti ya miligramu tano anaisikia tumboni.

Rudi kwa daktari wako umweleze ulichouziwa. Dawa ya miligramu 10 ipo, duka linaweza kuiagiza. Ipo pia ya maji, mililita 5 zikiwa na miligramu 20, kwa hiyo Popi angepewa mililita 2 na nusu kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Hiyo ya maji usiinunue kabla hujasoma viungo vyake kwenye karatasi ya ndani. Ukiona imetiwa utamu wa zailitoli, irudishe. Utamu huo kwa binadamu hauna shida. Kwa mbwa unaangusha sukari ya damu ndani ya muda mfupi na unaweza kuharibu ini.

Kidonge au kapsuli hiyo ya miligramu 10 mpe nzima jioni, baada ya kula, mbali na sahani. Chemsha maini ya ng'ombe bila chumvi, yaponde, finyanga vidonge vitatu vidogo kama punje za karanga. Cha kwanza kitupu, cha pili kina dawa, cha tatu kitupu, na hicho cha tatu akione kabla hajamaliza kumeza cha pili. Mbwa anayesubiri kinachofuata hatafuni, anameza. Hapa Arusha wapo wanaotumia siagi ya karanga, na mimi sina ugomvi nayo ikiwa ni karanga tupu zilizosagwa. Za makopo kutoka nje soma lebo, kwa sababu ya zailitoli hiyo hiyo.

Kuhusu chakula chenyewe: mpe kidogo kidogo mara mbili au tatu kwa siku, kikiwa na uvuguvugu ili harufu ipande. Supu ya kuku au ya samaki inafaa. Ila supu iwe yake, usimchotee kwenye sufuria ya familia. Kwetu hakuna mchuzi usio na kitunguu, na kitunguu, kibichi au kilichopikwa, kinavunja chembe nyekundu za damu ya mbwa. Kitunguu saumu vilevile. Weka sahani dakika kumi na tano, ukishaona hagusi, iondoe bila maneno. Najua mtasimama familia nzima mkimtazama na kumbembeleza "Popi, kula baba, kula." Msifanye hivyo. Mbwa mwenye wasiwasi akizungukwa na nyuso zilizokunjamana huamini kuna jambo baya kwenye sahani.

Tena asubuhi wewe unamlisha ukiwa umeshavaa viatu vya ofisini, au nimekosea? Mbwa mwenye hofu ya kuachwa akiona mkoba na funguo, koo linafunga. Wapo ambao hawali chochote mchana kutwa mpaka mwenyewe arudi, na hao hawajawahi kuonja kidonge hata kimoja. Mlishe mapema, kabla hujaoga, au chakula kikubwa kiwe cha jioni.

Sijasema dawa haina lawama kabisa, na mume wako usimwambie nimemcheka. Fluoksetini iliruhusiwa rasmi Marekani mwaka 2007 kwa ajili ya mbwa wenye hofu ya kuachwa, na katika majaribio yaliyotangulia ruhusa hiyo takriban mbwa mmoja kati ya wanne waliopewa alipungukiwa hamu ya kula. Wengine walitapika, wengine walizubaa. Dawa hii inaongeza kazi ya serotonini, kemikali ambayo watu wanaijua kwa habari za ubongo na furaha, ilhali sehemu kubwa mno ya serotonini ya mwili iko kwenye utumbo. Ukiigusa ya kichwani, ya tumboni nayo inachokozwa. Kwa mbwa wengi usumbufu huo unapungua ndani ya wiki moja au mbili, wakati faida yenyewe ya dawa inachukua wiki nne hadi sita au zaidi kuonekana. Hapo ndipo watu wengi wanapokata tamaa, maana kinachoanza ni kero na kinachochelewa ni nafuu. Popi yuko wiki ya tatu. Ukimwachisha leo, utakuwa umelipa yote bila kuchukua mzigo.

Ila kilo 8.6 hadi 7.9 sipendi. Ni kama asilimia 8 ya mwili wake. Mbwa mzima wa uzito wake anahitaji takriban kalori 500 kwa siku, na vipande vitatu vya mkate wa mwanao havifiki nusu yake. Mpime kila wiki: panda mizani ukiwa umembeba, kisha upande peke yako, utoe. Baada ya kubadilisha sahani na namna ya kumpa dawa, akiendelea kushuka, mpigie daktari wako. Anaweza kushusha kipimo kisha akakipandisha polepole, au akabadilisha dawa. Iko nyingine, klomipramini, ambayo nayo hutumika kwa hofu hiyo hiyo. Hiyo hupewa pamoja na chakula kidogo kwa sababu tumbo tupu linaitapika. Lakini usibadilishe wala kukatisha wewe mwenyewe, na kapsuli zilizobaki usimpe jirani.

Na ule mlango? Kidonge hakimfundishi mbwa kukaa peke yake. Ruhusa ile ya 2007 yenyewe ilitolewa kwa sharti kwamba dawa iende na mafunzo. Anza na kutoka kwa sekunde chache, urudi kabla hajalia, bila kumuaga na bila sherehe ya kurudi, na uongeze muda kwa subira. Mwezi ujao nitaeleza kwa kirefu, nafasi ikipatikana.

*

*Daktari, shikamoo. Mbwa wangu Tomi ni wa ulinzi, kilo 31, anaogopa radi na fataki, mwaka mpya alivunja banda akapotea siku mbili. Anatumia fluoksetini kwa mwezi mmoja na nusu na imemsaidia sana. Tatizo ni kwamba kila baada ya siku kadhaa anaacha kula, analegea, anatembea kama amelewa, kisha anapona mwenyewe. Niliangalia nikaona ni kila Jumatatu. Jumapili ndiyo siku yetu ya kuogesha ng'ombe dawa ya kupe na yeye tunamwogesha humo humo. Kuna uhusiano?*
*Msomaji wa Machame, Moshi*

Marahaba, mwanangu. Acha kumwogesha humo. Soma jibu hili ukiwa umesimama.

Nilianza kazi kwenye majosho kabla sijawahi kutibu mbwa wa mtu, na dawa za kuogesha ng'ombe nazifahamu kwa harufu. Nenda kaangalie chupa. Nina hakika kubwa utakuta neno amitraz. Ni dawa nzuri ya kupe kwa ng'ombe. Kwa mbwa, hata asiyetumia dawa nyingine yoyote, ikizidi kipimo inapunguza mapigo ya moyo, inapandisha sukari ya damu, inamlegeza na kumkatisha chakula. Na wewe unachanganya kwa kipimo cha ng'ombe, halafu Tomi anajilamba.

Kwa mbwa anayetumia fluoksetini kuna la pili, na ndilo lililonifanya niweke barua yako hapa. Amitrazi huzuia kimeng'enya kinachovunja kemikali za neva, ikiwamo serotonini. Fluoksetini kwa upande wake huiacha serotonini izunguke muda mrefu zaidi. Moja imefungulia bomba, nyingine imeziba mfereji. Ndiyo maana maelezo ya fluoksetini ya mbwa yanakataza waziwazi isitumike pamoja na dawa za kundi hilo, na amitrazi imo. Serotonini ikifurika, mbwa anatetemeka, mboni za macho zinapanuka, moyo unakwenda mbio, joto linapanda, anahangaika, anaweza kupata degedege. Tomi amekuwa na bahati ya kulegea tu.

Wasionane tena, yeye na hilo josho. Kama ana mabaki ya dawa kwenye manyoya, mwogeshe kwa sabuni na maji mengi, wewe ukivaa glavu. Mpigie daktari wako leo umwambie maneno mawili, fluoksetini na amitrazi, ataelewa bila hadithi. Usidhani pia kwamba ukisimamisha kidonge Jumamosi unaweza kuogesha Jumapili. Fluoksetini hutoka mwilini polepole mno, kwa wiki kadhaa. Angalia vilevile asivae kola ya kupe yenye amitrazi; zipo madukani. Kwa kupe wake kuna matone ya fipronili ya kumwagia mgongoni, kuna na vidonge vya kutafuna vya mwezi au vya miezi mitatu. Hivyo vya kutafuna muulize daktari kwanza kama Tomi amewahi kupata degedege, maana baadhi yake haviwafai mbwa wenye historia hiyo.

Halafu atolewe damu apimwe. Nchi yetu ina kupe wa kahawia wa mbwa kila kona, na kupe huyo anabeba erlikia na babesia, vijidudu vya homa ya kupe. Mbwa mwenye homa ya kupe dalili yake ya kwanza mara nyingi ni hiyo hiyo: haji kula. Wamiliki wenye mbwa anayetumia dawa za wasiwasi wananisikitisha hapa, kwa sababu wakishakuwa na kidonge cha kulaumu hawatazami kitu kingine. Mpandishe mdomo uone fizi, zinatakiwa ziwe za waridi. Zikiwa nyeupe, au za njano, usingoje kesho. Joto la mbwa mzima ni kati ya nyuzi 38.3 na 39.2, linapimwa kwa kipimajoto cha kawaida kupitia nyuma, kikiwa kimepakwa mafuta. Likizidi hapo, na mbwa ana kupe, kidonge cha wasiwasi kimeonewa. Erlikia ikigundulika mapema inatibika kwa doksisaiklini, ambayo kwa kawaida hutolewa wiki nne. Nayo doksisaiklini husumbua tumbo, mpe na chakula.

Kuhusu siku yako ya kuogesha: hongera kwa kuangalia kalenda. Madaktari wengi wangepita mbali na jambo hilo wasilione.

*

*Daktari, nasoma safu yako kila mwezi lakini hili la mbwa kupewa dawa ya wasiwasi limenishinda. Zahanati yetu hapa kuna siku hata panadoli hakuna. Marehemu baba alifuga mbwa sita wa kuwindia, hakuna aliyekuwa na wasiwasi.*
*Mzee wa Handeni, Tanga*

Shikamoo mzee wangu. La zahanati uko sahihi na halina jibu la kwenye safu hii. Lakini fluoksetini ya mbwa wa Mbezi haikutolewa kwenye kabati la zahanati ya Handeni, na kuiacha hakutaongeza panadoli hata moja.

Mbwa wa marehemu baba walikuwa sita, walilala nje pamoja, walitembea mwituni kutwa na mwenyewe akiwepo. Mweke mmoja wao ndani ya nyumba ya vyumba viwili, ghorofa ya tatu, peke yake kuanzia saa moja asubuhi hadi saa mbili usiku, umwone atakavyofanya. Hata hivyo nakubaliana nawe kwa nusu: wapo wanaoniletea mbwa wakitaka dawa, wakati anachotaka mbwa ni kutembezwa. Hao nawarudisha na kamba ya shingoni.

*

*Shikamoo daktari. Mbwa wangu ameanza klomipramini, anakula nusu ya chakula chake. Dada yangu ana sirapu ya kuongeza hamu ya kula aliyokuwa akimpa mtoto, ile ambayo pia akina dada wanatumia kunenepa. Naweza kumpa mbwa kijiko?*
*Wa Nyakato, Mwanza*

Marahaba, na usimpe.

Sirapu nyingi za namna hiyo zina saiproheptadini. Ndiyo, inaleta njaa. Inaileta kwa kuzuia serotonini, yaani inakwenda kinyume na kile unachokilipia kwa klomipramini. Sisi madaktari wa mifugo tunaitunza kwa kazi nyingine: mbwa akija na serotonini iliyofurika, tunaweza kumpa saiproheptadini ili kuizima. Sasa wewe utakuwa unawasha kwa mkono huu na kuzima kwa ule, kisha utanilalamikia kwamba mbwa bado analia na dawa haifanyi kazi. Sirapu nyingine zimechanganywa na vitu ambavyo havikuandikwa vizuri kwenye chupa, hizo sizitaki hata karibu na huyo mtoto.

Nusu ya chakula kwa mbwa aliyeanza dawa wiki hii inavumilika. Mpe kidonge pamoja na chakula, si kabla yake. Angalia kama anatapika, maana hilo la klomipramini linajulikana, na kutapika mara kwa mara kunahitaji simu. Muulize daktari kama kipimo kinaweza kugawanywa asubuhi na jioni. Kwa klomipramini hilo hufanyika. Ikifika mahali pa kutaka dawa ya njaa kweli, iko moja iliyotengenezwa kwa ajili ya mbwa, kapromorelini, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 2016. Inaiga homoni ya njaa ya tumboni, haigombani na serotonini. Hata hivyo sijaona daktari mwangalifu akikimbilia hapo kabla ya kujaribu kipimo kidogo zaidi.

Wapo watakaokutajia mitazapini, kwa sababu paka wanapewa kwa ajili ya hamu ya kula. Hiyo nayo inagusa serotonini. Pamoja na klomipramini au fluoksetini, ni uamuzi wa daktari anayemfuatilia mbwa, si wa dada yako wala wangu nikiwa Arusha nisiyemwona.

*

*Daktari, salamu kutoka Columbus, Ohio. Tulitoka Kigoma tuko hapa mwaka wa saba. Hapa kila tarehe 4 Julai ni fataki usiku mzima na mbwa wetu anajificha bafuni. Daktari wa hapa ametupa trazodoni ya kumpa usiku huo tu. Mwaka jana tulimpa, akalala vizuri, lakini kesho yake hakula mpaka saa tisa mchana. Mke wangu anaogopa kumpa tena.*
*Msomaji wa Columbus*

Mwambie shemeji asiogope. Trazodoni ya usiku mmoja ni tofauti na hizi za kila siku nilizozieleza juu. Inaanza kazi ndani ya saa moja au mbili na inamsinzisha. Mbwa aliyesinzia hali, na mbwa aliyekaa usiku kucha bafuni akisikiliza mabomu hali vilevile, hata bila dawa. Kwamba alikula mwenyewe mchana ule ule inanitosha.

Mpe chakula chake mapema alasiri, kabla fataki hazijaanza, na dawa mpe kabla hajaanza kuogopa. Ukingoja atetemeke umechelewa. Kabla ya Julai mjaribu siku moja ya kawaida mkiwa nyumbani, muone anavyolala na anavyoamka, kisha mmweleze daktari wenu, huenda akapunguza kipimo. Kama ameandika na gabapentini, dawa nyingine ya kumtuliza, msikubali ile ya maji inayotengenezwa kwa binadamu mpaka muuza dawa awahakikishie haina zailitoli, kwa sababu zipo zenye nayo. Na kama mbwa huyo anatumia fluoksetini kila siku, daktari ajue kabla ya kuongeza trazodoni; zinaweza kwenda pamoja, lakini kwa kipimo kilichopangwa.

Saa tisa mchana ni sawa. Asipokula kabisa kwa siku nzima, usiku na mchana, au akitapika, au asipoamka vizuri, mpelekeni. Mtoto wa mbwa au mbwa mdogo sana msingoje hata hizo saa ishirini na nne, sukari yake ya damu inashuka haraka.

*

Maswali ya mwezi ujao: nimeshapokea matatu ya mbuzi wanaokohoa na moja la kasuku anayenyonyoa manyoya yake mwenyewe. Anayeuliza kuhusu mbwa asiyekula aniandikie haya: uzito wa mbwa, jina na miligramu za dawa kama zilivyo kwenye pakiti, lini alianza, anapewa saa ngapi na kwa kitu gani, mara ya mwisho kuwekewa dawa ya kupe na jina lake, na kama kuna chakula chochote anachokubali, kutoka kwa nani.